Lindeman: Mtoto wa mkulima aliyepiga hesabu ya chakula cha ziwani

KATIKA ziwa lolote, samaki wadogo ni wengi na wakubwa wanaokula wenzao ni wachache. Mvuvi analijua hilo kwa nyavu zake na mchuuzi analijua kwa bei ya sokoni. Lakini kwa nini iwe hivyo? Na kwa nini mnyororo wa nani anamla nani ziwani hauendelei bila mwisho, bali unakatika baada ya ngazi tatu, nne au tano hivi?

Mtu aliyelijibu swali hilo kwa hesabu badala ya maneno matupu ni Raymond Laurel Lindeman, mtoto wa mkulima kutoka jimbo la Minnesota, Marekani. Alifariki dunia mwaka 1942 akiwa na umri wa miaka 26 tu, miezi michache kabla makala yake kubwa haijachapishwa. Leo jina lake linafundishwa karibu kila chuo kinachofundisha mazingira, uvuvi na kilimo, na hesabu yake inamhusu moja kwa moja kila mwenye bwawa la samaki.

Lindeman alizaliwa Julai 24, 1915, katika shamba la wazazi wake karibu na mji mdogo wa Redwood Falls. Minnesota ni jimbo la kaskazini lenye maelfu ya maziwa, ambayo wakati wa baridi huganda juu yakawa barafu. Mtoto aliyekulia shambani huko alijua mapema kwamba majira ndiyo yanayoamua kitakacholiwa.

Alisoma Park College katika jimbo la Missouri na kuhitimu mwaka 1936, katikati ya miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi. Kisha akarudi jimboni kwao kuendelea na masomo ya juu katika Chuo Kikuu cha Minnesota, ambako alisimamiwa na Samuel Eddy, mtaalamu wa samaki na viumbe wa majini.

Ziwa linalozeeka

Kwa utafiti wake, Lindeman hakuchagua ziwa kubwa wala la kuvutia. Alichagua Cedar Bog Lake, ziwa dogo kaskazini mwa jiji la Minneapolis, lililozungukwa na kinamasi. Kina chake kilikuwa mita moja hivi. Matope na mabaki ya mimea yalikuwa yamelijaza kwa miaka mingi, na wataalamu walilihesabu miongoni mwa maziwa yanayozeeka, yaani yanayoelekea kugeuka kuwa nchi kavu.

Udogo wake ulikuwa faida. Katika ziwa la namna hiyo mtu mmoja mwenye bidii anaweza kuchunguza karibu kila kitu: mimea midogo isiyoonekana kwa macho inayoyafanya maji kuwa ya kijani, magugu ya chini, viumbe vidogo wanaokula mimea hiyo, wadudu, konokono, samaki, na matope yenyewe.

Lakini mtu huyo hakuwa mmoja. Mkewe, Eleanor Hall Lindeman, ambaye naye alikuwa amesomea elimu ya viumbe, alishirikiana naye katika kazi ya kukusanya na kuchambua sampuli. Kwa karibu miaka mitano walikwenda ziwani majira yote. Ilipofika baridi, walitoboa barafu ili kupata maji na matope ya chini.

Huko chini ya barafu Lindeman aligundua jambo ambalo mfugaji wa samaki wa leo atalielewa haraka. Barafu ilipofunika ziwa kwa muda mrefu, hewa ya oksijeni majini ilikwisha. Samaki hawangeweza kustahimili. Hivyo baridi kali moja ilitosha kufuta ngazi ya juu ya walaji, huku viumbe vya kwenye matope vikiendelea kuwapo.

Kutoka majina hadi kalori

Kabla ya Lindeman, wataalamu walikuwa wamekwisha kueleza mlishano, yaani mnyororo wa nani anamla nani. Mwingereza Charles Elton alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1927 kwamba idadi ya wanyama hupungua kadiri unavyopanda kutoka kwa wanaoliwa kwenda kwa wanaokula, mithili ya piramidi. Mwaka 1935 Mwingereza mwingine, Arthur Tansley, alianzisha neno lenye maana ya mfumo wa ikolojia, akikusanya pamoja viumbe na udongo, maji na hewa vinavyowazunguka.

Lakini Elton alihesabu vichwa. Tatizo la kuhesabu vichwa ni kwamba ng'ombe mmoja na siafu mmoja wote ni kichwa kimoja. Lindeman aliona kwamba kipimo kinachoweza kuwaunganisha wote ni nguvu, ile ile inayopimwa kwa kalori katika chakula cha binadamu. Jua linatoa nguvu, mmea unaikamata, mdudu anaipata kwa kula mmea, samaki anaipata kwa kula mdudu.

Akawapanga viumbe wa ziwani kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ni mimea, yaani wazalishaji. Ya pili ni wanaokula mimea. Ya tatu ni wanaokula hao. Katikati ya mchoro wake aliyaweka matope, kwa sababu kila kitu kinachokufa kinaishia humo, bakteria wanakiozesha, na rutuba yake inarudi tena kwa mimea. Kwake, kilicho hai na kilichokufa katika ziwa visingeweza kutenganishwa katika hesabu moja.

Mwaka 1941 alipata shahada yake ya uzamivu. Mwaka huo huo alihamia Chuo Kikuu cha Yale kwa ufadhili wa mwaka mmoja, kufanya kazi chini ya George Evelyn Hutchinson, mwanasayansi mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa anajulikana kwa utafiti wa maziwa. Hutchinson naye alikuwa amekwisha kuanza kufikiria ziwa kwa njia ya hesabu. Wawili hao walikutana wakati mwafaka, na Lindeman akaiandika upya sehemu ya mwisho ya tasnifu yake iwe makala ya kujitegemea.

Hesabu yenyewe

Katika makala hiyo Lindeman alilinganisha maziwa mawili. La kwanza ni lile lake la Cedar Bog. La pili ni Ziwa Mendota katika jimbo la Wisconsin, lenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 40 na kina kinachofika mita 25, ambalo wataalamu wa Wisconsin walikuwa wamelipima kwa miongo kadhaa.

Kwa maziwa yote mawili alichukua nguvu ya jua kuwa kalori 118,872 kwa kila sentimita moja ya mraba kwa mwaka. Katika Cedar Bog, mimea ilikamata kalori 111 tu kati ya hizo, yaani takriban sehemu moja katika elfu. Wanaokula mimea walipata kalori 14.8. Wanaokula hao walipata kalori 3.1. Hapo hesabu ikafika mwisho.

Katika Mendota, mimea ilikamata kalori 480, zaidi ya mara nne ya Cedar Bog. Wanaokula mimea walipata 41.6, wanaokula hao 2.3, na ngazi ya nne, yaani wala-nyama wanaokula wala-nyama wenzao, ikapata 0.3.

Hapo ndipo jibu linapoonekana. Katika kila ngazi sehemu kubwa ya nguvu inapotea. Kiumbe anaitumia kuhema, kutembea, kutafuta chakula na kuzaa. Nyingine inatoka kama kinyesi, na nyingine inabaki kwa wale wanaokufa bila kuliwa. Lindeman alionyesha pia kwamba wanyama wa ngazi za juu hutumia sehemu kubwa zaidi ya walichokula kwa kuhema tu, kwa kuwa wanahangaika zaidi kuwinda.

Ni kama gunia la mahindi linalopita mikononi mwa madalali wengi kutoka shambani hadi mjini, huku kila mmoja akichota chake. Wakizidi, anayesubiri mwisho wa njia hapati cha kumtosha. Ngazi ya tano katika Mendota ingelazimika kuishi kwa sehemu ndogo ya kalori 0.3.

Siku hizi vitabu vingi vinasema kwamba kila ngazi hupitisha asilimia 10 kwenda ngazi inayofuata. Hiyo ni kanuni ya kukadiria tu. Katika hesabu za Lindeman mwenyewe, viwango kati ya ngazi moja ya walaji na nyingine vilianzia asilimia tano na nusu hadi karibu moja ya tano.

Makala yakataliwa

Lindeman alipeleka makala yake kwenye jarida la Ecology mwishoni mwa mwaka 1941. Mhariri wake, Thomas Park, aliituma kwa wataalamu wawili wakongwe wa maziwa ili waipime. Mmoja alikuwa Chancey Juday, ambaye vipimo vyake vya Wisconsin ndivyo Lindeman alivyovitumia. Mwingine alikuwa Paul Welch wa Chuo Kikuu cha Michigan, mwandishi wa kitabu cha kufundishia elimu ya maziwa.

Wote wawili walikataa. Hoja zao zilifanana: nadharia ilikuwa nyingi na vipimo vichache. Waliona kwamba maziwa hayafanani, kwamba data zaidi zilihitajika kutoka maziwa mengi, na kwamba kijana huyo alikuwa amekimbilia kanuni ya jumla kabla ya wakati. Jarida likaikataa makala.

Kwa mtafiti mwenye afya njema, jibu la namna hiyo ni usumbufu wa mwaka mmoja au miwili. Kwa Lindeman mambo yalikuwa tofauti. Alikuwa akisumbuliwa na ugonjwa wa ini uliokuwa ukimrudia, na wakati akiwa Yale hali yake ilizidi kuwa mbaya. Ufadhili wake ulikuwa wa mwaka mmoja. Kurudi ziwani kupima upya kwa miaka kumi lilikuwa jambo asiloliweza.

Hutchinson aliingilia kati. Alimwandikia mhariri akitetea haja ya nadharia, kwa msingi kwamba vipimo visivyo na wazo la kuviunganisha vinaweza kukusanywa milele bila kufika popote. Lindeman naye aliirekebisha makala. Park alitafakari, kisha akaamua kwenda kinyume na ushauri wa wapimaji wake wawili. Mapema mwaka 1942 makala ilikubaliwa.

Raymond Lindeman alifariki Juni 29, 1942. Makala ilitoka Oktoba mwaka huo, ikiwa na maneno mafupi ya kumbukumbu yaliyoandikwa na Hutchinson. Eleanor, aliyetoboa naye barafu na kuchambua naye matope, alibaki mjane.

Alipopatia na alipobakiza

Baada ya Vita Kuu ya Pili, wanasayansi wengi walifuata njia ya Lindeman, wakipima nguvu katika chemchemi, misitu na mashamba. Cedar Bog Lake ipo leo ndani ya hifadhi ya utafiti ya Chuo Kikuu cha Minnesota.

Hata hivyo, swali la urefu wa mlishano halikuisha. Mtu akizitazama hesabu za Lindeman anaweza kusema kwamba Mendota ina ngazi nne kwa sababu mimea yake inakamata nguvu nyingi zaidi. Lakini Mendota pia ni kubwa na yenye kina kirefu kuliko Cedar Bog. Kwa maziwa mawili tu haiwezekani kujua kipi ndicho sababu: wingi wa chakula au ukubwa wa ziwa. Katika hilo, wazee waliomkatalia walikuwa na hoja.

Mwaka 2000, David Post na wenzake wawili, Michael Pace na Nelson Hairston, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya utafiti wa maziwa 25 ya Amerika Kaskazini. Walitumia njia ambayo Lindeman hakuwa nayo. Katika mwili wa kila kiumbe kuna nitrojeni ya kawaida na nyingine nzito kidogo, na ile nzito huongezeka kila ngazi moja ya mlishano inapopandwa. Kwa kupima nyama ya samaki mla-nyama wa juu kabisa, inajulikana ngazi ngapi ziko chini yake.

Walikuta kwamba maziwa makubwa yalikuwa na mlishano mrefu zaidi. Wingi wa chakula peke yake haukuleta tofauti hiyo. Ziwa dogo lenye rutuba nyingi lilibaki na mlishano mfupi.

Hiyo haina maana kwamba nguvu si kitu. Bila nguvu ya kutosha hakuna ngazi yoyote inayosimama, na hasara ya kila ngazi ipo pale pale. Lakini katika maziwa mengi mlishano hukatika mapema kabla nguvu haijafika kikomo. Ziwa kubwa lina sehemu za aina nyingi, lina mahali pa samaki wadogo kujificha, na lina nafasi ya aina zaidi za viumbe kusimama kati ya mimea na mla-nyama mkubwa. Ziwa dogo ni rahisi kupata pigo moja likaangusha ngazi nzima. Cedar Bog, ambako oksijeni ilikwisha chini ya barafu, ni mfano mzuri wa udhaifu huo.

Hesabu hiyo kwa mwenye bwawa

Afrika Mashariki iliiona hesabu ya namna hii katika mjadala wa sangara. Mwaka 1960, wakati pendekezo la kumwingiza sangara katika Ziwa Victoria likijadiliwa, mtaalamu Mwingereza Geoffrey Fryer aliandika kulipinga. Moja ya hoja zake ilikuwa kwamba kuweka mla-nyama mkubwa juu ya mlishano ni kubadilisha samaki wengi kwa samaki wachache, kwani kilo nyingi za samaki wadogo zinahitajika kutengeneza kilo moja ya sangara.

Sangara aliingizwa. Kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka au kupungua sana, na sangara alikuwa akila uduvi, dagaa na hata watoto wake mwenyewe. Wakati huo huo samaki waliovuliwa waliongezeka kwa uzito, viwanda vya minofu vikajengwa na fedha za kigeni zikaingia. Hesabu ya kalori na hesabu ya fedha ni vitu viwili: mnunuzi wa mbali anaweza kulipia kilo moja ya sangara bei inayofidia kilo zilizopotea njiani. Lakini mlaji wa kando ya ziwa aliyetegemea samaki wadogo hafidiwi kwa bei hiyo.

Kwa mfugaji wa samaki, mambo ni rahisi zaidi. Bwawa ni ziwa dogo sana, na haliwezi kubeba mlishano mrefu. Tukichukua kanuni ya asilimia 10, kilo 1,000 za mimea midogo ya majini zinaweza kutoa kilo 100 za samaki wanaoila moja kwa moja. Zikipitia kwanza kwa viumbe vidogo, ndipo samaki awale hao, zinabaki kilo 10.

Ndiyo maana sato anawafaa wafugaji wadogo. Anakula mimea midogo ya majini, hivyo samadi inayowekwa vizuri ikayafanya maji kuwa ya kijani ni sehemu ya chakula chake. Samadi ikizidi, uozo hula oksijeni, na samaki huelea alfajiri wakihema juu ya maji. Ni tatizo lile lile la Cedar Bog, isipokuwa hapa hakuna barafu.

Wafugaji wengine huchanganya kambare wachache na sato ili wapunguze vifaranga vinavyozidi bwawani. Hiyo ni ngazi ya ziada, na ina gharama yake. Inalipa pale ambapo vifaranga vile vingebaki vidogo visivyo na soko. Kambare wakiwa wengi, wanakula faida.

Aidha, chakula cha kununua kilichotengenezwa kwa dagaa ni ngazi nyingine iliyofichwa ndani ya mfuko. Dagaa huyo angeweza kuliwa na watu. Kabla ya kuamua afuge samaki gani, mfugaji anapaswa kuandika daftarini anakula nini, chakula hicho kimepita ngazi ngapi, na kilo moja inauzwa shilingi ngapi sokoni kwake. Hesabu hiyo inahitaji kalamu na jioni moja tu. Lindeman na mkewe iliwachukua miaka mitano kuionyesha njia yake.